Kwa Nini Koala Hasafiri Peke Yake

Anayetaka kuelewa ugumu wa kumfuga koala Ulaya asianzie bandani. Banda halina siri: magogo ya kukalia, matawi ya kupandia, joto la kadiri na kioo cha kuwatenga watazamaji. Aanzie uani, kwenye chumba cha baridi ambamo matawi ya mikaratusi yamesimamishwa ndani ya ndoo za maji kama maua ya harusi. Asubuhi mtunzaji huchagua matawi ya aina tatu, nne, hata tano, akayapeleka bandani na kungoja. Koala hunusa jani, akang'ata moja, akanusa jingine. Asipopendezwa, basi. Hakuna wa kumshurutisha, na mtunzaji hana budi kurudi chumbani kutafuta tawi jingine. Baadaye mabaki hukusanywa na kupimwa, na koala mwenyewe hupandishwa mizani kila mara. Mnyama huyu hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, hivyo kwa macho tu ni vigumu kumtofautisha mgonjwa na anayesinzia. Mizani ndiyo inayosema kabla mambo hayajaharibika.

Watu wengi hudhani kwamba shida ya wanyama wa Australia wakiwa ng'ambo ni hali ya hewa: wametoka kwenye jua, wakapelekwa kwenye theluji, wakadhoofika. Dhana hiyo inaeleweka, lakini haifiki mbali. Baridi hupashwa moto na joto hupoozwa. Umeme na fedha hutosha. Kigumu ni kwamba mnyama mwenye mfuko ameumbika pamoja na mambo mengi yasiyoingia ndani ya kreti ya ndege: miti fulani, vijidudu fulani vya tumboni, udongo usio na vimelea fulani, na watoto wanaozaliwa kabla hawajakamilika. Ukimchukua yeye ukayaacha hayo, umechukua nusu ya mnyama.

Tuanze na chakula. Koala mzima hula kati ya gramu 500 na kilo moja ya majani kwa siku, na mzigo huo si mkubwa. Tatizo ni uchaguzi. Australia ina aina zaidi ya 700 za mikaratusi, na koala hula makumi machache tu. Hata katika hizo, kila koala ana orodha yake fupi, kutegemea alikozaliwa. Mkaratusi nao hujilinda. Yale mafuta yenye harufu kali tunayoyajua kwenye dawa za kifua ni sehemu tu ya silaha zake. Ndani ya jani mna sumu nyingine zinazomkifu mlaji, na kiwango chake hutofautiana mti kwa mti. Miti miwili ya aina moja inaweza kuota bega kwa bega, koala akaushambulia mmoja na wa pili asiuguse. Kwa hiyo bustani ya wanyama yenye msitu mzima wa aina moja ya mkaratusi bado inaweza kuwa na koala mwenye njaa.

Msomaji wa Njombe, Lushoto au Limuru atauliza: kwani mikaratusi si hii tuliyo nayo? Ndiyo, ni jamaa hao hao. Nchini Kenya ililetwa mwaka 1902 ili itoe kuni za injini za reli, na tangu hapo imeenea nyanda za juu za Afrika Mashariki mpaka imekuwa chanzo cha ugomvi, wengine wakiisifu kwa nguzo na mbao, wengine wakiilaumu kwa kukausha chemchemi. Lakini aliyeichagua alitazama unyofu wa gogo na kasi ya kukua. Ladha ya jani haikumhusu. Afrika Kusini, ambako mikaratusi imejaa vilevile, bustani ya taifa ya wanyama ya Pretoria imewahi kufuga koala. Kwa hiyo katika bara hili jambo lenyewe linawezekana. Ila linadai shamba la miti lililopandwa kwa ajili ya mlaji mmoja mwenye nongwa.

Ndiyo maana kitovu cha koala nje ya Australia ni San Diego, California. Koala wawili wa kwanza walifika huko mwaka 1925, zawadi ya watoto wa Sydney kwa watoto wa San Diego. Kilichoifanya bustani ile idumu nao kuliko wengine si ufundi wa madaktari wake peke yake. Hali ya hewa ya pale inaruhusu mikaratusi ya aina nyingi kukua mwaka mzima, na bustani hulima yake yenyewe. Kutokana na kundi lake imekuwa ikikopesha koala kwa bustani nyingine za Marekani na Ulaya. Koala wengi ambao Mzungu amewaona bila kupanda ndege ya Sydney wana nasaba inayopitia California.

Kaskazini mwa Ulaya mambo hayawi rahisi hivyo. Bustani ya Duisburg, Ujerumani, ina koala tangu 1994, na Edinburgh nayo inao. Jalidi huiunguza mikaratusi mingi, michache inayostahimili haitoshi kuwa mlo kamili, na majani hulazimika kutoka mbali: mengine hulimwa kusini mwa Uingereza, mengine yamekuwa yakiletwa kwa ndege kutoka Florida. Hebu fikiria maana yake. Mnyama asiyehifadhi mafuta mengi mwilini, asiyekubali chakula mbadala, maisha yake yanategemea ratiba ya mizigo ya shirika la ndege. Japani walilitambua hilo mapema. Kabla ya kupokea koala wao wa kwanza mwaka 1984, katika bustani za Tokyo, Nagoya na Kagoshima, miti ilipandwa kwanza, na kwa desturi mashamba hutawanywa sehemu mbalimbali ili kimbunga kikipiga upande mmoja, upande wa pili ubaki na majani.

Tuseme majani yamepatikana. Yatameng'enywaje? Koala ana sehemu ya utumbo inayofikia urefu wa mita 2, ambamo bakteria huyachachua majani na kuyafanya yafae. Mtoto hazaliwi na bakteria hao. Akifikia kama miezi sita, mama hutoa kinyesi laini cha aina ya pekee, tofauti na cha kila siku, na mtoto hukila moja kwa moja. Hicho ndicho kinachompa vijidudu vya kumwezesha kula mkaratusi. Ni jambo linalomkunja uso mtazamaji aliyeleta watoto wake kuona mnyama mzuri, lakini bila hilo hakuna koala. Mama akifa kabla ya wakati huo, watunzaji hawana budi kutafuta kinyesi cha koala mwingine na kumlisha mtoto, wakiomba Mungu kishike.

Hapa tunagusa ugumu unaowahusu wanyama wote wa mfuko. Mimba ya koala huchukua kama siku 35, na mtoto anapozaliwa hafiki gramu 1: hana macho, hana manyoya, ana miguu ya mbele tu ya kumtambaza hadi kwenye chuchu. Kazi ambayo kwa ng'ombe au kwa binadamu hufanywa na kondo la nyuma, kwake hufanywa na maziwa, kwa miezi mingi. Na maziwa hayo hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Kangaruu jike anaweza kuwa na watoto wawili wa umri tofauti, mmoja mchanga ameng'ang'ania chuchu ndani ya mfuko, mwingine mkubwa anaingiza kichwa tu kunyonya, na chuchu mbili zilizo jirani zikatoa maziwa mawili tofauti kwa wakati mmoja.

Sasa mtoto huyo akidondoka. Hudondoka mara nyingi kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu kangaruu aliyeshtuka hulegeza misuli ya mfuko wake, na mtoto akaanguka chini wakati mama anakimbia. Mtunzaji humkuta kwenye nyasi asubuhi. Akimpa maziwa ya ng'ombe anamdhuru: sukari ya maziwa hayo humsumbua, humharisha, na inaweza kumtia mtoto wa jicho. Kuna unga wa maziwa unaotengenezwa Australia kwa hatua mbalimbali za umri wa mtoto, na bustani makini huuweka akiba kabla haujahitajika. Zisizo makini huanza kuutafuta siku hiyo.

Kangaruu na walabi, jamaa zao wadogo, wana sifa ya kuwa rahisi kufuga. Wanakula nyasi, hawahitaji miti ya pekee, na kwenye uwanja wenye ua wanapendeza. Urahisi huo ndio unaowaponza. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa maradhi yanayowaua zaidi wakifugwa hayajulikani na watazamaji: uvimbe wa taya.

Magego ya kangaruu hayakai mahali pamoja kama yetu. Huota nyuma ya taya na kusogea mbele polepole kadiri ya mbele yanavyochakaa, hadi yanang'oka na kuanguka. Mpangilio huo umeundwa kwa nyasi ngumu zinazosaga jino. Kwenye bustani ya wanyama chakula ni laini: vidonge vya kiwandani, mboga, na mkate ambao wageni hurusha juu ya ua ingawa kibao kinakataza. Mabaki hunasa kati ya meno, fizi huchubuka. Wakati huohuo kundi limebanwa kwenye eneo dogo, kinyesi kimechanganyika na nyasi za kula, na bakteria wanaoishi kwenye utumbo wao wenyewe hupata njia ya kuingia kwenye kidonda. Kutoka kwenye fizi huingia mfupani, na mfupa huoza. Mnyama hudondosha mate, hupungua uzito, upande mmoja wa uso huvimba. Kufikia hapo mara nyingi ni kuchelewa.

Kumtibu nako ni mtihani. Lazima akamatwe, alazwe kwa dawa, meno yang'olewe, usaha ukamuliwe, sindano za viuavijasumu zirudiwe kwa wiki kadhaa. Lakini kangaruu ni mnyama wa hofu. Kufukuzwa na kukamatwa kunaweza kuifanya misuli yake ianze kuvunjika, sumu za misuli zikaingia kwenye damu, na mnyama akafa saa chache au siku chache baada ya tiba iliyokusudiwa kumponya. Kwa sababu hiyo hiyo fataki za mwaka mpya, mbwa aliyepenya, au mbweha anayezunguka ua usiku huweza kuua walabi bila kuwagusa: hukimbia kwa kasi wakajigonga kwenye waya. Daktari mwenye busara huanza kwenye banda kabla ya dawa. Hupanua eneo, huinua hori kutoka ardhini, huzoa kinyesi kila siku, huongeza nyasi ndefu, na huwazuia wageni na mikate yao. Kazi hizo hazimpi mtu sifa, na hazipigwi picha.

Kisha kuna paka. Australia haikuwa na jamii yoyote ya paka mpaka Wazungu walipowaleta mwishoni mwa karne ya 18. Kimelea cha toksoplasma hukamilisha mzunguko wake ndani ya paka tu, na mayai yake hutoka na kinyesi cha paka. Wanyama wa mabara mengine wameishi nacho kwa muda mrefu mno; wa mfuko hawakupata nafasi hiyo, na wengi wao kinawaua, pengine bila dalili ya kutosha kumwita daktari. Sasa tazama bustani ya kawaida ya wanyama: paka koko kwenye ghala la nyasi kavu, simba na chui mitaa miwili kutoka kwa walabi, na mfanyakazi mmoja mwenye jozi moja ya buti. Nyasi zilizokojolewa na kunyewa na paka ghalani ndizo zinazomwagwa horini. Ukiniuliza kipi kati ya mambo haya ni rahisi kukizuia, nitataja mlango wa ghala wenye komeo.

Kuhusu baridi na majira, wanyama wengine wamewashangaza wafugaji. Walabi wa Bennett wametoka Tasmania, ambako baridi wanaijua. Kwao huzaa mnamo Februari na Machi, wakiongozwa na urefu wa mchana. Walipohamishiwa nusu ya kaskazini ya dunia mwili wao ulisoma jua jipya, na uzazi ukasogea kwa miezi sita, hadi Agosti na Septemba. Katika bustani ya Whipsnade, Uingereza, wamezoea kuzurura huru. Waliotoroka nao hawakufa: katika kisiwa cha Man kuna kundi la porini lililotokana na waliotoka kwenye bustani ya hapo, na kwenye msitu wa Rambouillet, karibu na Paris, kuna jingine la watoro wa miaka ya 1970. Mnyama aliyefungiwa kwenye ua mdogo anakufa kwa taya, na ndugu yake aliyeruka ua anazaa vichakani chini ya theluji. Sioni ushahidi mzuri kuliko huo kwamba tatizo halikuwa baridi.

Tukirudi kwa koala, kuna msafiri mwingine asiyeonekana: kirusi. Koala wa Queensland, ambao ndio babu wa wengi walioko Marekani, Ulaya na Japani, hubeba kirusi kilichojipachika ndani ya vinasaba vyao na kurithishwa kutoka kwa mzazi hadi mtoto. Huhusishwa na saratani ya damu na ya tezi. Huwezi kumkarantini mnyama akapona kitu kilichoandikwa kwenye kila seli yake. Kundi dogo lililotokana na wazazi wachache, lenye kirusi cha kurithi, linahitaji damu mpya. Na damu mpya haiji bila idhini ya Canberra.

Idhini hiyo ni ngumu, na nadhani ni haki iwe ngumu. Sheria ya mazingira ya Australia ya mwaka 1999 hairuhusu wanyama hawa wauzwe nje kibiashara wakiwa hai. Koala, wombati na shetani wa Tasmania, wote wanyama wa mfuko, hutoka kwa mikataba maalumu, bustani inayoomba lazima ionyeshe kwamba inaweza kuwatunza, na masharti huendelea kuwafuata wao na uzao wao. Kiongozi wa nchi hawezi kumkabidhi mgeni wake koala kwa sababu ya karamu tu. Historia inaeleza kwa nini. Tailasini, yule mnyama wa mfuko aliyefanana na mbwa mwenye milia mgongoni, alionyeshwa London kuanzia 1850, na baadaye Berlin, Washington na New York. Wengi walinunuliwa kwa wachuuzi, bila mpango wa kuwazalisha. Wa mwisho wa London alinunuliwa mwaka 1926 kwa pauni 150, akafa 1931. Ng'ambo hakuzaliwa hata mmoja. Kuzaa pekee kunakojulikana kwa tailasini waliofugwa kulitokea Melbourne mwaka 1899. Aliyebaki alifia Hobart, Septemba 1936. Bustani za ng'ambo hazikumwangamiza. Kazi hiyo ilifanywa na bunduki na malipo ya serikali kwa kila ngozi. Lakini zilikuwa nao kwa miaka 80 zikawa zinawaonyesha tu.

Shetani wa Tasmania ndiye anayepima kama tumejifunza. Mwaka 1996 kaskazini mashariki mwa Tasmania walionekana wakiwa na uvimbe usoni, na ikagundulika kuwa ni saratani inayoambukizwa kwa kung'atana. Australia ilikusanya wazima na kuwazalisha kwenye bustani zake za bara, na mwaka 2012 ikawaachia wengine katika kisiwa cha Maria. Ng'ambo nako wakapelekwa wachache. Copenhagen walifika mwaka 2006, zawadi iliyotokana na kuzaliwa kwa mtoto wa Mary, binti wa Tasmania aliyeolewa na aliyekuwa wakati huo mrithi wa ufalme wa Denmark. Marekani ilikuwa haina hata mmoja tangu wa mwisho wake alipofia Fort Wayne mwaka 2004. Ikapata tena San Diego mwaka 2013.

Lakini shetani huishi kama miaka mitano au sita, na wengi wanaotumwa mbali ni wale waliokwisha kupita umri wa kuzaa, kwa kuwa wanaozaa wanahitajika nyumbani. Bustani humpokea mzee, humtunza miaka miwili mitatu, akafa, ikaomba mwingine. Wapo wanaoiita biashara ya maonyesho. Mimi naona ina unyoofu kuliko mabango mengi yenye neno uhifadhi: mnyama yule hahifadhi spishi yake kwa kukaa San Diego, anatafuta marafiki na michango ya kazi inayofanyika Tasmania, na mkataba wenyewe unamwita balozi.

Kuna kisa kimoja kinachonizuia nisiseme kwamba kundi la ng'ambo halina faida kamwe. Walabi wa parma alidhaniwa ametoweka Australia, mpaka mwaka 1965 alipokutwa kisiwani Kawau, New Zealand, ambako gavana mmoja mwenye kupenda wanyama wa kigeni alikuwa amewapeleka karne iliyotangulia. Wakapelekwa kwenye bustani nyingi duniani ili wasipotee. Miaka miwili baadaye wenzao wa asili wakaonekana hai katika misitu ya New South Wales. Akiba ile haikuhitajika, lakini kwa miaka hiyo miwili hakuna aliyelijua hilo.

Kwa nambati, mnyama mwingine wa Australia, ng'ambo hakuna anayejaribu. Hula mchwa tu, hadi 20,000 kwa siku, na bustani ya Perth iliyofanikiwa kumzalisha imewekeza miaka mingi katika kumlisha, ikimrudisha porini magharibi mwa Australia. Nje ya nchi yake hafugwi. Osaka nayo ilifikia uamuzi unaofanana kwa njia ndefu zaidi. Bustani ya Tennoji ilifuga koala kwa takriban miaka 30, ikigharamia mashamba ya mikaratusi hata idadi ya walaji iliposhuka hadi mmoja. Mwaka 2019 ilimsafirisha huyo wa mwisho hadi Longleat, Uingereza, ambako kulikuwa na koala wenzake na miti iliyokwisha kupandwa, ikafunga hesabu hiyo.